Maswali ya wasomaji: tovuti inasema dakika 25, tiketi inasema saa moja na robo

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya umbali wa ndege kati ya viwanja viwili vidogo, mistari minne hivi, nikadhani imeisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika na karibu zote zinauliza kitu kile kile kwa njia tofauti, mbona namba hazikubaliani. Nimechagua hizi, nyingine nimezifupisha, msinune.

SWALI: Ndugu mwandishi, nilitaka kusafiri kati ya viwanja viwili vidogo, sio vile vya kimataifa. Nikaingia mtandaoni nikaandika majina yake, ikaniletea kilomita 330, muda wa kuruka dakika 25. Nimenunua tiketi inasema saa moja na dakika 15. Sasa muongo nani hapa, tovuti au shirika la ndege?

JIBU: Hamna muongo hapo kaka, ila kila mmoja anapima kitu chake halafu hakwambii. Hiyo tovuti imechukua kilomita 330 ikagawa kwa kasi ya jeti kubwa ikiwa juu imeshatulia, tuseme kilomita 800 kwa saa, ikapata dakika 25 kasoro sekunde, kazi imeisha. Haijui utapanda ndege gani, haijui upepo, wala haijui kwamba ndege haianzi safari ikiwa tayari iko angani inakimbia 800. Tiketi yenyewe inahesabu tangu ndege inapoanza kusogea pale ilipoegeshwa mpaka inaposimama kule ilikoenda na matairi yakawekewa yale magogo ya kuyazuia.

Niliwahi kupima mwenyewe. Ilikuwa ndege ya pangaboi, masafa kama hayo hayo yako, nikakaa dirishani, simu nimeitoa kwenye mtandao lakini ile saa ya kuhesabu sekunde inafanya kazi. Jamaa wa chini akavuta magogo akayabeba kwapani, akaonyesha dole gumba, ndege ikasogea, nikabonyeza. Tukatembea taratibu kwenye lami, tukasimama kupisha ndege iliyokuwa inatua, tukageuka, dakika ya 11 ndo matairi yakaachana na ardhi. Angani tulikaa dakika 47. Kutoka kugusa chini mpaka kusimama dakika 6. Jumla 64. Na tiketi ilikuwa imeandika saa moja na dakika 15, kwa hiyo mhudumu akatangaza kwa furaha zote kwamba tumewahi kwa dakika 11, kuna watu walipiga makofi kabisa.

Hatukuwahi popote. Zile dakika 11 ziliwekwa kwenye ratiba toka mwanzo kama akiba, foleni ya kuruka ikiwepo zinaliwa, isipokuwepo unaambiwa umewahi. Mashirika yanahesabiwa uaminifu kwa kufika ndani ya ratiba, Marekani kwa mfano ndege ikichelewa chini ya dakika 15 bado inahesabiwa imefika kwa wakati, sasa nani atajibana kwenye ratiba wakati dakika chache za ziada zinamsafisha?

Tukirudi kwenye zile 47 za angani, kwa nini sio 25, sehemu ya kwanza ni aina ya ndege, ile yetu inatembea kama kilomita 500 kwa saa ikijitahidi, kwa hiyo 330 ni dakika 40 hata isipopanda wala kushuka. Sehemu ya pili ni huko kupanda na kushuka kwenyewe. Marubani wana hesabu yao ya kichwani, kila futi 1,000 unazotaka kushuka anza maili 3 za baharini kabla. Ukiwa juu futi 35,000 hiyo ni maili 105, kama kilomita 195 kabla ya kiwanja. Sasa safari yako nzima ni 330, toa hizo 195 za kushuka, toa na za kupanda ambazo nazo hazipungui mia na kitu, unabaki na nini? Yaani jeti ingefika juu, wakazima taa ya mikanda, wakaiwasha hapo hapo. Ndo maana safari fupi watu hawaendi juu hivyo, wanatulia futi elfu 15 au 17 huko, na chini mwendo ni mdogo. Halafu chini ya futi 10,000 nchi nyingi, Marekani ikiwemo, zinabana kasi isizidi noti 250, yaani maili 250 za baharini kwa saa, ambayo ni kama kilomita 463 kwa saa, hata uwe na injini ya namna gani.

Na kuna kitu ambacho abiria wengi hawakioni. Ndege inaruka ikiukabili upepo na inatua ikiukabili upepo, haijali unakoenda. Tuseme unaenda magharibi na upepo unatoka mashariki, basi mtaruka kuelekea mashariki, mtazunguka, ndo muanze safari. Kule mwisho hivyo hivyo, mnakipita kiwanja kwanza mnakiona kabisa dirishani, halafu mnaenda mbele huko mnageuka kuja kutua. Hapo dakika 5 mpaka 8 zimekwenda na kilomita hazijapungua hata moja.

Mimi ninapotaka makadirio ya haraka kwa safari fupi nachukua umbali, nagawa kwa kasi ya ndege yenyewe nitakayopanda, naongeza dakika 25 hadi 30. Kwako, 330 kwa 500 ni dakika 40, ongeza 25, unapata 65. Mimi nilipata 64. Sio mbaya.

SWALI: Nimeangalia tovuti nne kwa viwanja vile vile viwili. Moja imesema 400, moja 216, moja 249, ya mwisho 431. Niamini ipi?

JIBU: Tatu za kwanza ni umbali ule ule dada, ni vipimo tu vimebadilika. 400 ni kilomita. 249 ni maili za nchi kavu. 216 ni maili za baharini, ambazo ndo marubani wanatumia, maili moja ya baharini ni mita 1,852. Tovuti nyingine zinaandika namba kubwa kwa wino mzito na kipimo wanakiandika kaherufi kadogo pembeni, macho yanakiruka.

Hiyo ya 431 naishuku imepima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji. Kiwanja huwa hakiko katikati ya mji, na kama vyote viwili viko pande zinazotazamana basi umbali wa kiwanja kwa kiwanja unakuwa mfupi kuliko wa mji kwa mji. Tovuti makini hutumia ile nukta rasmi ya kiwanja, kila kiwanja kina nukta moja imesajiliwa na latitudo na longitudo yake, kawaida iko karibu na kitovu cha kiwanja chenyewe.

Ukiona namba imekwenda mbali sana, tuseme ulitegemea 300 ikakuletea 7,000, angalia herufi tatu za kiwanja. Majina ya miji yanafanana sana duniani. Birmingham ya Uingereza ni BHX, ya Alabama kule Marekani ni BHM. San José ya Costa Rica ni SJO, ya California ni SJC. Kuna Sydney ya Australia ambayo ni SYD na kuna Sydney ya Kanada, YQY. Ukikosea kwenye kupima umbali unacheka, ukikosea kwenye kununua tiketi hucheki.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, mwalimu katupa kazi tutafute umbali kati ya viwanja viwili bila kutumia tovuti ya kuhesabu, tumepewa latitudo na longitudo tu. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba mwanangu. Sitakufanyia kazi ya shule ila nitakuonyesha njia.

Dunia imegawanywa nyuzi, na kila nyuzi moja ya latitudo ukienda kaskazini au kusini ni maili 60 za baharini, karibu kilomita 111. Hiyo haibadiliki sana popote ulipo. Longitudo ndo ina ujanja, pale ikweta nyuzi moja nayo ni kilomita 111, lakini kadiri unavyosogea kwenye ncha mistari inabanana, kwa hiyo unazidisha 111 kwa kosaini ya latitudo. Ukiwa nyuzi 60 kaskazini kosaini ni nusu, nyuzi moja ya longitudo inabaki kilomita 55 na kitu tu.

Mfano. Viwanja viwili viko karibu na ikweta, latitudo zinatofautiana nyuzi 2, longitudo zinatofautiana nyuzi 3. Kaskazini-kusini ni 222, mashariki-magharibi ni 333. Hapo una pembetatu yenye pembe mraba, unajua cha kufanya, 222 kipeo cha pili jumlisha 333 kipeo cha pili, tafuta kipeuo, unapata kilomita 400. Kwa masafa ya mia chache hivi njia hii inatosha kabisa, unakosea kidogo sana.

Masafa yakiwa marefu sana usiitumie, kwa sababu dunia ni mviringo na njia fupi inapinda. Hapo inabidi hesabu ya duara kuu, yaani ule mstari mfupi kabisa juu ya tufe, na nusu kipenyo ya dunia wanachukua kilomita 6,371. Tafuta tufe la shuleni na kipande cha uzi, ukaze uzi kutoka London mpaka Los Angeles, utashangaa unapita juu kule Greenland wakati kwenye ramani ya ukutani ungechora mstari unakata katikati ya bahari ya Atlantiki. Mwambie mwalimu akuruhusu ulete tufe darasani, itakupa maksi.

SWALI: Kwenda dakika 55, kurudi saa moja na dakika 20, ndege ile ile, njia ile ile. Nikamuuliza jirani yangu kwenye siti akasema ni kwa sababu dunia inazunguka. Kweli?

JIBU: Jirani yako nusu kapatia nusu kakosea. Ndege haiachwi na dunia, hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, ndege imo ndani ya hewa, wote mnaenda pamoja. Ingekuwa dunia inatuacha basi ungeruka juu hapo ulipo ukatua nyumba ya jirani. Ila mzunguko wa dunia unachangia kuzipinda pepo za juu zielekee upande fulani, kwa hiyo jirani yako anaingia kwa mlango wa nyuma.

Kinachokupata wewe ni upepo, basi. Chukua ndege inayotembea 500 kwenye hewa, safari kilomita 600, upepo wa kilomita 100 kwa saa. Kwenda unasukumwa, ardhini inaonekana unatembea 600, unafika kwa saa moja. Kurudi unaukabili, unatembea 400, inakuwa saa moja na nusu. Jumla saa mbili na nusu. Sasa hesabu kama upepo usingekuwepo kabisa, 1,200 gawa kwa 500 ni saa mbili na dakika 24. Umeona hapo? Upepo haurudishi ulichokopa. Watu wanadhani kwenda na kurudi vinafidiana, havifidiani, kwa sababu ule muda unaopambana na upepo ni mrefu kuliko ule unaobebwa nao.

Pepo za juu kabisa, zile zinazotoka magharibi kwenda mashariki kama mto, zina nguvu ya kutisha. Februari 2020 kuna ndege ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida ni saa 6 na zaidi, kulikuwa na dhoruba na walikaa katikati ya huo mto wa upepo. Waliokuwa wanatoka London kwenda New York siku hiyo sijui walikuwa wanawaza nini.

SWALI: Mimi nina malalamiko. Kwa nini safari zetu fupi tunapewa ndege za mapangaboi, zinapiga kelele, zinatikisika, wakati wakubwa wanapanda jeti? Ni kudharauliwa?

JIBU: Mama, hapana. Nilikuwa nawaza kama wewe mpaka nilipokaa na karatasi.

Chukua zile kilomita 400. Jeti kwa 830 ni dakika 29, pangaboi kwa 500 ni dakika 48, tofauti dakika 19 kwenye karatasi. Lakini jeti kwa safari fupi haipati nafasi ya kukaa kwenye hiyo 830, inapanda inashuka, kwa hiyo tofauti halisi inashuka mpaka dakika 10 na kitu. Kutembea ardhini ni kule kule, foleni ni ile ile, kusubiri begi ni kule kule. Kwa hizo dakika 10 jeti inachoma mafuta mengi zaidi, na mafuta hayo unayalipia wewe kwenye tiketi. Panga linasukuma hewa nyingi kwa taratibu, na kwa mwendo wa chini hiyo ndo njia ya bei rahisi ya kusogeza ndege.

Halafu kuna suala la urefu wa njia ya kurukia. ATR 72, ambayo ni ndege ya pangaboi, ikiwa imejaa, kwenye usawa wa bahari na hewa ya kawaida, inaruka kwa kama mita 1,300. Jeti ya Boeing 737-800 iliyojaa inataka mita 2,300 hivi. Viwanja vingi vidogo havina hizo mita. Kwa hiyo swali sio pangaboi au jeti, swali ni pangaboi au basi.

Na hata hilo neno tusilidharau, ndani ya ile injini ni tabini kama ya jeti, ila badala ya kusukuma kwa moshi inazungusha panga. Siku ukipanda ATR kaa uangalie kabla ya kuondoka, injini ya kulia inanguruma lakini panga lake limesimama tuli. Haijaharibika. Ndege hiyo haina ile injini ndogo ya mkiani ya kutoa umeme ikiwa imeegeshwa, kwa hiyo wanaiwasha ya kulia, panga wanalifunga breki, na abiria mnapanda kwa mlango wa nyuma upande wa kushoto mbali na panga. Mimi nilivyoliona mara ya kwanza nusura nimwite mhudumu.

Kelele nakubaliana na wewe. Kaa viti vya nyuma, mbali na usawa wa mapanga, utapumua.

SWALI: Tiketi yangu inasema naondoka 14:20 na nafika 14:05. Nimepiga simu ofisini kwao wakasema iko sawa. Iko sawa vipi?

JIBU: Iko sawa. Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika, ya kuondoka ni ya huku na ya kufika ni ya kule. Unaelekea magharibi, unavuka mpaka wa majira wa saa moja, ndege inachukua dakika 45, basi unaondoka saa nane na dakika 20 mchana unafika saa nane na dakika 5 mchana ule ule. Marubani wenyewe hawana huo mkanganyiko, dunia nzima wanatumia majira mamoja tu, UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Wewe mwambie tu anayekuja kukupokea aangalie saa ya kwake.

SWALI: Nipo Ulaya kikazi. Ndege yangu ilichelewa, matairi yaligusa ardhi ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 57, nikaambiwa sina fidia kwa sababu sheria inataka saa 3. Lakini mpaka tunatoka ilishapita saa 3. Kufika kunahesabiwa lini hasa?

JIBU: Swali tamu hili, na limeshafika mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipata kesi karibu pacha na yako, safari ya kutoka Salzburg, Austria, kwenda Köln/Bonn, Ujerumani, matairi yaligusa ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 58, ikaegeshwa ikiwa saa 3 na dakika 3, mlango ukafunguliwa muda mfupi baadae. Shirika likasema tumefika matairi yalipogusa. Mahakama ikasema hapana, kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wanaruhusiwa kutoka. Hoja yao nzuri sana, mpaka mlango ufunguke wewe bado umefungiwa, huwezi kufanya shughuli zako.

Kwa hiyo tafuta mlango ulifunguliwa saa ngapi, hayo huwa yanarekodiwa. Na kwenye kanuni yenyewe ya fidia, namba 261 ya mwaka 2004, umbali ndo unaamua kiasi, safari ya kilomita 1,500 au pungufu ni euro 250, na umbali wenyewe unapimwa kwa duara kuu, sio kwa njia mliyozungushwa. Ila kama kuchelewa kulisababishwa na jambo lililo nje ya uwezo wao, dhoruba kwa mfano, fidia hiyo hamna. Waandikie kwa maandishi, usipige simu.

SWALI: Tulifika juu ya kiwanja tukaanza kuzungushwa, nilihesabu mara nne. Rubani akasema tunasubiri zamu. Mimi nilikuwa nawaza mafuta tu. Wanaweka mafuta kulingana na kilomita?

JIBU: Kulingana na muda na uzito, kilomita ni mwanzo tu wa hesabu.

Huko kuzunguka kuna umbo lake, kama uwanja wa mbio, unanyoosha dakika moja, unageuka dakika moja, unanyoosha dakika moja, unageuka tena. Chini ya futi 14,000 mzunguko mmoja ni dakika 4. Mara nne ni dakika 16, angalia saa yako siku nyingine uone.

Mafuta yanawekwa kwa mafungu. Ya kutembea ardhini, ya safari yenyewe, ya dharura ndogo ndogo ambayo kawaida ni asilimia 5 ya yale ya safari, ya kwenda kiwanja kingine kama hiki kimefungwa, halafu chini kabisa kuna akiba ya mwisho, kwa ndege za tabini ni dakika 30 za kuzunguka futi 1,500 juu ya kiwanja. Hiyo ya mwisho haiguswi kwenye mipango. Rubani akiona atatua akiwa ameanza kuila anatakiwa kutangaza hatari, na akitangaza wengine wote wanapisha. Kwa hiyo ukiona rubani anaongea kwa sauti ya usingizi kwamba tunasubiri zamu, mafuta anayo. Kuna siku lakini uvumilivu unaisha, wanaamua kwenda kiwanja kingine, na hapo ndo safari yako ya dakika 50 inageuka saa nne na nusu pamoja na basi.

SWALI: Ipi ndo safari fupi kuliko zote duniani? Tumebishana hapa kazini, mmoja anasema iko Ugiriki.

JIBU: Westray kwenda Papa Westray, visiwa viwili vya Orkney kule kaskazini mwa Scotland, kilomita 2.7 tu, inafanyika tangu 1967. Ndege ni kadogo ka injini mbili kanaitwa Islander, abiria hawafiki kumi, na wengine hukaa bega kwa bega na rubani. Ratiba inaandika kama dakika 2. Iliyowahi kufanyika haraka kuliko zote ilichukua sekunde 53.

Sasa cheza na hizo namba. Kilomita 2.7 kwa dakika 2 ni mwendo wa 81 kwa saa, kuna magari yanakupita. Kwa sekunde 53 inakuwa 183. Chukua tena ile ndefu kabisa, Singapore kwenda New York, kama kilomita 15,300 kwa saa 18 na nusu hivi, unapata 827. Ndege haijawa na kasi mara kumi kwa sababu ya injini peke yake, ni kwamba ile ya Orkney safari yake yote ni kuruka na kutua, katikati hakuna kitu. Na hapo kwenye kazi yenu mwambieni yule aliyesema Ugiriki kwamba amekosa.